Kidoli Kinachokataa Kulala

Ukikisukuma, kinalala. Ukikiachilia, kinaamka. Hakina betri, hakina kamba, hakina kitufe cha kubonyeza. Chini ni mviringo kama kitako cha yai, juu kuna kichwa chenye macho mawili, na miguu hakina. Kipige kofi, kilaze kifudifudi, kisukume mara mia: kitayumbayumba kidogo, halafu kitasimama wima na kukuangalia na tabasamu lile lile. Watoto wa mwaka mmoja hukicheka. Watu wazima, kwa zaidi ya miaka 1000, wamekuwa wakikitazama na kukibebesha maana.

Majina yake yenyewe ni hadithi. Wachina humwita budaoweng, mzee asiyeanguka. Warusi humwita nevalyashka, asiyelala chini. Wajerumani humwita Stehaufmännchen, kajamaa kanakoinuka. Sisi huku hatujampa jina tulilokubaliana, lakini ukipita kwa wachuuzi wa vitu vya watoto utamwona, wa plastiki, anatikisika kila gari likipita.

Nimekuwa nikisoma habari zake kwa miezi kadhaa, na sababu ni moja. Sisi wasee wa miaka ishirini na kitu tumeambiwa tuwe kama hicho kidoli. Ukianguka, inuka. Kaza. Jipange. Usikate tamaa. Mhubiri anasema hivyo, stika ya matatu inasema hivyo, mjomba kwenye mazishi anasema hivyo huku ameshika sahani ya pilau. Hata wazee wa zamani walishatuachia methali: kuteleza si kuanguka. Basi nikataka kujua kidoli chenyewe, ambacho kimeinuka mara nyingi kuliko mtu yeyote, kina la kutufundisha ama tunakisingizia tu.

Tuanze na jinsi kinavyofanya kazi, maana hapo ndipo kuna jambo. Ndani ya kitako kumewekwa kitu kizito: udongo, chuma, au zamani kipande cha madini ya risasi. Sehemu ya juu ni tupu. Kila kitu duniani kina pahali pamoja ambapo ni kana kwamba uzito wake wote umekusanyika, na kwa kidoli hiki pahali hapo pako chini kabisa. Ukikiinamisha, kitako kinaviringika na ule uzito unalazimika kupanda kidogo. Uzito haupendi kupanda. Ukikiachilia unashuka pale ulipokuwa, na katika kushuka unakivuta kichwa kirudi juu. Kwa hivyo macho yanatudanganya. Tunadhani tunaona kitu kinachoinuka, kumbe ni kitu kinachoanguka. Kichwa kinapanda kwa sababu tumbo linashuka.

Shika hilo, tutalihitaji mbele.

Chetu nyumbani kilikuwa cha bluu. Mama alikitoa kwenye rundo la vidoli vya mitumba, rangi ya uso imebanduka upande mmoja, na ndani kulikuwa na kitu kama kengele kilicholia kling kling kila kikiyumba. Watoto wa ploti walimwita Mlevi. Mchezo ulikuwa kumzaba kofi na kuhesabu kwa sauti atayumba mara ngapi kabla ya kutulia, na aliyepata hesabu kubwa ndiye bingwa. Tulikuwa na mlevi wa kweli pale ploti, baba fulani aliyekuwa akirudi usiku akiyumba hivyo hivyo ukutani bila kuanguka, kwa hivyo jina halikuhitaji maelezo.

Miaka mingi baadaye ndipo niligundua kwamba Wachina walitutangulia kwa hilo jina. Wakati wa utawala wa ukoo wa Tang, ulioanza mwaka 618 na kuisha 907, kwenye karamu kulikuwa na sanamu ndogo ya mbao iliyochongwa kwa sura ya mgeni kutoka nchi za magharibi, mwenye pua ndefu. Iliwekwa katikati ya wanywaji, ikazungushwa, ikayumba, ikaegemea upande mmoja. Yule iliyemwelekea alikunywa. Iliitwa jiuhuzi, na wengi wanamhesabu kama babu wa budaoweng wa leo. Kwa hivyo katika sura zake za kwanza tunazozijua, kidoli hiki hakikuwa mfano wa mtu wa kukaza. Kilikuwa kichekesho cha mezani, mgeni wa mbao anayeyumba ili wenyeji wacheke.

Baadaye akabadilika akawa mzee wa udongo na karatasi, akaingia mikononi mwa watoto. Halafu akaingia mikononi mwa Qi Baishi. Huyu alizaliwa mwaka 1864 katika jimbo la Hunan, familia ya wakulima, akafanya kazi ya useremala kabla ya kuwa mmoja wa wachoraji wakubwa wa China hadi alipofariki mwaka 1957. Qi Baishi alimchora budaoweng tena na tena. Akamvisha kofia nyeusi ya maafisa wa serikali, akampa kipepeo mkononi na doa jeupe puani kama la mchekeshaji wa jukwaani. Kando ya picha akaandika mashairi ya kejeli. Maana yake kwa ufupi: anaonekana mheshimiwa, lakini ukimpasua hutapata moyo wala ini, ni tope tu.

Hapo nilisimama kidogo. Sisi tumezoea kumtazama kidoli na kumwona mtu wa chini anayekataa kushindwa. Qi Baishi alimtazama na kumwona bosi. Fikiria kuhusu Kenya kwa dakika moja. Nani hasa haanguki hapa? Si mama mboga. Mama mboga huanguka, mvua ikinyesha wiki mbili mfululizo utaona. Asiyeanguka ni yule mheshimiwa anayetajwa kwenye ripoti ya ubadhirifu, anayumba mwezi mmoja, magazeti yanapiga kelele, halafu unamwona amesimama wima kwenye wizara nyingine na tabasamu lile lile. Huyo ndiye budaoweng wetu, na hakuna anayemwambia akaze.

Kutoka China kidoli kilivuka bahari hadi Japani, na huko ndiko kilikopata ile maana tunayoijua sisi. Wajapani walikiunganisha na Bodhidharma, mtawa wa Kibudha anayeheshimiwa kama mwanzilishi wa Zen, ambaye wao humwita Daruma. Hadithi inasema alikaa miaka 9 akiutazama ukuta katika kutafakari, hadi mikono na miguu ikanyauka. Mtu asiye na miguu, kidoli kisicho na miguu: wakakutana. Daruma akawa mviringo, mwekundu, mwenye nyusi nzito. Wekundu wake ulikuwa na kazi pia, maana watu waliamini rangi nyekundu inafukuza ndui, ugonjwa uliokuwa ukiwamaliza watoto, na vidoli vyekundu viliwekwa karibu na mtoto mgonjwa.

Mji unaojulikana zaidi kwa Daruma ni Takasaki, mkoa wa Gunma, na chanzo chake si cha kufurahisha. Mwaka 1783 mlima Asama, ambao ni volkano, ulilipuka. Majivu yalifunika mashamba, na njaa kubwa iliyokuwa imeanza nchini ikazidi kuwa kali. Simulizi ya hekalu la Shorinzan pale Takasaki inasema kwamba mtawa mkuu aliyeitwa Togaku alichonga kalibu ya mbao na kuwafundisha wakulima kutengeneza Daruma wa karatasi, wamuuze wapate kitu cha kula. Karatasi ililowekwa, ikabandikwa juu ya kalibu tabaka kwa tabaka, ikakaushwa, ikapasuliwa nyuma, kalibu ikatolewa, tundu likazibwa, uzito ukawekwa chini. Hadi leo sehemu kubwa ya Daruma wa Japani hutoka mji huo.

Ukimnunua, macho yake ni meupe matupu. Unaweka nia, unachora mboni moja. Nia ikitimia, unachora ya pili. Wanasiasa wa Japani hufanya hivyo mbele ya kamera wakishinda uchaguzi. Mwaka ukiisha watu huwarudisha Daruma wao wa zamani hekaluni, wanachomwa moto kwa heshima, na mwaka mpya unaanza na Daruma mpya. Pamoja naye kuna msemo maarufu wa Kijapani: anguka mara saba, inuka mara nane. Huo ndio msemo uliosafiri dunia nzima hadi kwenye stetasi zetu za Jumatatu asubuhi.

Lakini tazama kile ambacho msemo huo unaacha njiani. Wakulima wa Takasaki hawakuinuka kwa kuambiwa wainuke. Kuna mtu alikaa chini akachonga kalibu. Akawapa. Akawafundisha. Hekalu lilikuwa na uwanja ambapo watu walikusanyika, kwa hivyo kulikuwa na soko. Msemo bila kalibu ungekuwa kelele tu juu ya matumbo matupu.

Na huko Aizu, katika mkoa wa Fukushima, wana kingine kidogo sana, unaweza kukificha kwenye kiganja, kinaitwa okiagari-koboshi. Kila Januari familia hununua vidoli hivi kulingana na idadi ya watu nyumbani, halafu wanaongeza kimoja. Kile cha ziada ni cha mtu ambaye hajafika bado, mtoto atakayezaliwa au bibi arusi atakayeletwa. Mnunuzi hurusha kadhaa mezani na kuchagua vile vinavyosimama vizuri. Napenda sana hiyo desturi. Huko hakuna anayenunua kidoli chake peke yake. Wanahesabiwa wote, na nafasi moja inabaki wazi.

Urusi ilikuwa na wake wa mbao tangu zamani, kwa jina la Vanka-vstanka, yaani Vanka simama. Kisha mwaka 1958 kiwanda kimoja katika mji wa Kotovsk, mkoa wa Tambov, kikaanza kuwatengeneza wa plastiki: binti mwekundu mwenye macho makubwa, ndani yake vyuma vinavyotoa mlio mtamu akiyumba. Kiwanda chenyewe kilikuwa cha baruti. Ndiyo, baruti ya silaha. Viwanda vya ulinzi vya Kisovieti vilitakiwa pia kutoa bidhaa za raia, na kiwanda hicho kikatoa mwanasesere aliyelelewa na vizazi kadhaa vya watoto. Ukisikia Mrusi wa umri wa mama yako akizungumzia utotoni, muulize kuhusu huo mlio.

Marekani nako alifika na akawa biashara. Mwaka 1971 Hasbro walitoa Weebles, vijitu vya umbo la yai vilivyouzwa kwa ahadi kwamba vitayumba lakini havitaanguka. Lakini kidoli cha Kimarekani kilichoacha alama kubwa zaidi hakikuwa cha dukani, kilikuwa cha maabara. Mwaka 1961 mwanasaikolojia Albert Bandura, pamoja na Dorothea Ross na Sheila Ross, walichukua watoto 72 wa shule ya chekechea ya chuo kikuu cha Stanford. Baadhi yao walimtazama mtu mzima akimshambulia Bobo, mdoli mkubwa wa kujazwa hewa mwenye uzito chini. Mtu huyo alimkalia, akampiga ngumi puani, akamgonga kichwani kwa nyundo ya kuchezea, akamrusha juu, akampiga mateke. Wengine waliona mtu mzima aliyekuwa akicheza kwa utulivu, na wengine hawakuonyeshwa mtu yeyote. Baadaye, walipoachwa na vitu vya kuchezea akiwemo Bobo, wale walioona vurugu walizirudia, mara nyingine hatua kwa hatua.

Vitabu vya saikolojia hulitumia jaribio hilo kueleza jinsi watoto wanavyoiga. Mimi nilipolisoma nilibaki nimemkazia macho Bobo. Kwa nini yeye, si dubu wa kitambaa? Dubu ukimpiga analala, na mchezo umeisha. Bobo anarudi. Uso wake unarudi pale pale ngumi ilipo. Kuinuka kwake ndiko kunakofanya aendelee kupigwa.

Sasa niseme jambo langu. Niliacha chuo mwaka wa tatu. Si kwa sababu ya mitihani. Salio la karo lilikuwa limekua, mfumo wa usajili ukafungwa kabla hatujachanga ile pesa, na muhula ukanipita. Nikaambiwa nirudi mwaka unaofuata, na mwaka unaofuata salio lilikuwa kubwa zaidi. Kuna rafiki yangu mmoja wa darasa alianguka vibaya kuniliko, alifeli somo zima, akapotea wiki kadhaa, hata mimi niliogopa kwa ajili yake. Leo ana digrii. Baba yake alilipia muhula wa kurudia na nyumba ya kukaa akiurudia. Watu husema jamaa alikaza. Alikaza, simnyimi. Lakini wote wawili tulisukumwa, na mmoja wetu alikuwa na risasi kitakoni.

Ndiyo maana lile somo la fizikia linanisumbua. Kidoli hakiinuki kwa moyo mkuu. Hakina moyo, Qi Baishi alishasema. Kinainuka kwa sababu mtu fulani, kabla ya kufunga lile ganda, aliweka uzito pahali panapofaa. Ukitoa huo uzito una ganda tupu la plastiki, na unaweza kulihutubia mpaka jioni.

Mtu atauliza: je, haiwezekani kitu kusimama chenyewe bila uzito uliofichwa? Ajabu ni kwamba wanahisabati waliliuliza swali hilo hilo kwa uzito kabisa. Mwaka 1995 Mrusi Vladimir Arnold alimdokezea Gábor Domokos wa Hungaria kwamba huenda lipo umbo la namna hiyo: zito sawasawa kila mahali, lisilo na bonde popote, na bado likilazwa vyovyote linarudi kusimama kwa namna moja tu. Domokos aliokota na kupima kokoto 2000 katika fukwe za kisiwa cha Rhodes, Ugiriki, akitafuta hata moja yenye umbo hilo. Hakuipata. Mwaka 2006 yeye na Péter Várkonyi walifaulu kulitengeneza, wakaliita Gömböc, neno la Kihungaria lenye maana ya kitu cha mviringo kama tufe. Linataka usahihi wa ajabu. Ukikosea kidogo sana kwenye uchongaji, haliinuki tena. Kisha wakagundua kwamba asili ilishakaribia jibu hilo: kobe wa nyota wa India ana gamba lililokaribia umbo hilo, nalo humsaidia kujigeuza akipinduka chali.

Kwa hivyo ndiyo, inawezekana. Wapo watu hao, na kila mwaka tunawaona kwenye habari baada ya matokeo ya mitihani: yule wa mishumaa, yule aliyetembea kilomita nyingi kwenda shule, yule aliyepata A kutoka kijiji kisicho na maktaba. Ni kweli na ni wa ajabu. Ila ni Gömböc. Kokoto 2000 na hakuna hata mmoja. Ukijenga nchi ukitegemea kwamba kila mtoto atazaliwa na umbo hilo, utakuwa na ufuo mzima wa watu waliolala upande, na mhubiri anawauliza kwa nini hawataki kuinuka.

Wakati huo huo tunajua kuweka uzito. Tumefanya hivyo siku zote bila kuuita jina kubwa. Chama cha akina mama kinachochangia mia mbili mbili kila wiki ni uzito. Sacco ni uzito. Shangazi anayekuachia kochi miezi minane bila kuuliza utahama lini ni uzito, nami nina huyo shangazi, na maandishi haya yameandikwa kwenye hilo kochi. Uzito hauonekani kidoli kikisimama. Unaona tabasamu tu, halafu tabasamu ndilo linalopigiwa makofi.

Kama una mtoto mdogo nyumbani, ama una jioni tupu, unaweza kutengeneza chako. Chukua yai, toboa tundu dogo upande uliochongoka, mimina yaliyomo kwenye sufuria, yatakuwa chakula. Suuza ganda, liache likauke kabisa. Tia mchanga kidogo ndani, kama kijiko kimoja. Washa mshumaa na udondoshe nta juu ya mchanga mpaka uufunike. Kisha mtu ashike ganda wima, asilitikise, mpaka nta igande. Hapo hupaswi kuharakisha. Nta ikigandia upande, kidoli kitaegemea upande huo maisha yake yote, na kuchora tabasamu hakutasaidia. Huku kwetu shangazi ndiye aliyeshika, dakika kumi na kitu, akilalamika mkono unauma. Kimesimama dirishani sasa. Macho bado sijachora.